Mtoto haoni ubao: ongezeko la karoti halitasaidia

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 11 haoni maandishi ubaoni akikaa nyuma. Mjomba wake anasema marubani wa Vita Kuu ya Pili waliona gizani kwa kula karoti, basi namsagia glasi mbili kila siku. Mwezi wa tatu huu, hakuna nafuu. Niongeze? – Mama wa Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Usiongeze, mama. Mpeleke akapimwe macho wiki hii. Mtoto wa namna hii mara nyingi jicho lake limerefuka kidogo, picha inaishia kabla ya kufika kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Hakuna juisi ya kufupisha jicho. Dawa yake ni miwani.

Hiyo hadithi ya marubani naisikia kliniki kila mara, na inanikera kwa sababu ilipikwa makusudi. Mwaka 1940 Wajerumani walikuwa wakiipiga Uingereza mabomu usiku. Novemba, rubani John Cunningham, aliyepewa jina la “Macho ya Paka”, akadungua ndege yao gizani akiongozwa na rada, chombo kinachogundua ndege gizani kwa mawimbi ya redio, iliyofungwa ndani ya ndege yake. Rada ilikuwa siri ya jeshi, kwa hiyo watu wakaambiwa ni karoti. Na Wizara ya Chakula ilitaka watu wale karoti, kwani zilikuwa tele, huku meli za vyakula zikizamishwa baharini. Taa za mitaani zimezimwa ili adui asiione miji, watu wanajikwaa, nani asingeamini?

Uongo huo unaishi kwa sababu umebeba chembe ya ukweli. Mwili hugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A, na jicho huihitaji ili lione kwenye mwanga hafifu. Aliyepungukiwa akiipata, huona tena jioni. Asiyepungukiwa haongezewi chochote. Tena matembele, maembe na viazi lishe vinayo ya kutosha. Mtazame mwanao viganja: vikiwa na umanjano, ni hizo glasi mbili. Haidhuru, punguza tu.

Wanaonitia hofu zaidi ni watu wazima. Nimempokea mzee aliyenunua unga wa karoti stendi, akaunywa mwaka mzima. Nilipoinua vidole vyangu mbele ya jicho lake la kulia, hakuviona. Ilikuwa presha ya macho. Hiyo haiumi, inaua mshipa wa fahamu wa jicho polepole, na uoni uliopotea haurudi. Muuza unga hakumpima chochote. La kushoto tunalilinda kwa matone, kila siku, maisha yake yote.

Mjomba naye, kama amevuka miaka 40, aje na mtoto apimwe presha ya macho.