Maswali na majibu: Mikanda ya babu na treni zilizomo

Nimekuta mikanda midogo ya filamu kwenye sanduku la marehemu babu, aliyefanya kazi reli. Inanuka siki. Bado mizima? – Msomaji, Voi

Inaoza, mwanangu. Plastiki yake ni ya asetati. Ikikaa kwenye joto na unyevu hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na mkanda mmoja huambukiza wa jirani. Itenge leo. Usiifungie kwenye mfuko wa nailoni. Iweke pakavu penye ubaridi, kisha mtafute mwenye mashine ya kuskani filamu kabla haijasinyaa na kujikunja.

Na projekta ya kuazima usiiguse. Mimi niliupitishia mkanda wa baba mkubwa. Ulikwama kidogo tu, taa ikauunguza palepale, na ukutani tukaona doa la kahawia likitanuka juu ya uso wa dereva aliyekuwa akipunga mkono. Hatukumwona tena.

Wetu umeshaskaniwa. Mbona treni inakwenda kama inafukuzwa, na abiria wanadonoadonoa kama kuku? – Tabora

Kamera nyingi za milimita 8 za miaka ya 1950 zilipiga picha 16 kwa sekunde. Aliyeskani ameziachia 24, kwa hiyo mwendo umezidi mara moja na nusu. Mwambie arudishe 16. Tena asikupachikie mlio wa mvuke: mikanda ile ilikuwa bubu, na mlio wa kuokota ni wa injini nyingine.

Watu wa stesheni ni wengi kuliko treni. Nikate? – Moshi

Thubutu! Injini zilipigwa picha na wengi. Mama anayeinua mkungu wa ndizi dirishani unaye wewe peke yako.

Injini yetu ni ndefu, ina matangi mbele na nyuma, rangi ya damu ya mzee. Ni ipi? – Mombasa

Hiyo ni Garratt, aina ya injini ya mvuke. Tazama namba ubavuni. Ikianza na 59, umepata dume lenyewe. Zilikuwa 34, zikaundwa na Beyer Peacock, Manchester, 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima. Uzito wake ulikuwa kama tani 250. Boila, yaani tangi la kuchemshia maji, limening'inizwa katikati ya seti mbili za magurudumu, ndiyo maana dubwana lile liliweza kujipinda kwenye kona za kupanda kwenda Nairobi. Mtu wa koleo usimtafute, zilichoma mafuta mazito. Namba 5918, Mount Gelai, ipo makumbusho ya reli Nairobi. (Mlima wenyewe uko Tanzania, lakini hayo tuyaache.)

Nitajuaje mwaka? – Tabora tena

Mkanda wa Kodak una vialama pembeni: duara, mraba, pembetatu. Hutaja mwaka uliotengenezwa, ila vilirudiwa kila baada ya miaka 20, hivyo alama ya 1937 ndiyo ya 1957. Ukiiona pamoja na injini ya 59, ya 1937 ifute.