Anzia kibanda umiza: ushauri kwa wanaoanza kusoma utamaduni wa kidijitali mtandaoni

Kozi nyingi za vyombo vya habari duniani huanza kwa nadharia zilizoandikwa Marekani na Uingereza, kisha mwanafunzi anaambiwa akatafute "mfano wa Afrika". Ukifuata mpangilio huo, muhula mzima utaishia kupima kama Tandale, mtaa wa Dar es Salaam, inafanana na California. Geuza. Chagua kwanza jambo moja dogo unaloweza kulifuatilia kwa lugha unayoijua, lielewe linavyokwenda, ndipo utafute nadharia ya kulieleza.

Filamu zilizotafsiriwa zinafaa sana kwa kuanzia. Filamu ya mapigano ya Hong Kong au ya Kihindi inamfikia mtazamaji ikiwa na sauti ya msimulizi juu yake: DJ Afro kwa Kenya, Lufufu kwa Tanzania, VJ Jingo kwa Uganda. Anayeuita huu uharamia tu ameacha nusu ya habari, na anayeuita tafsiri tu ameacha nusu nyingine. Msimulizi huwapa wahusika majina ya mtaani, hukejeli, huonya, hutangulia tukio kabla halijaonekana. Kazi hiyo ilizoeleka kwenye vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za mtaani za kuonyeshea video, na kwenye CD. Sasa vipande vyake vimejaa YouTube na TikTok.

Chukua dakika 10, usichukue filamu nzima. Chora jedwali la safu nne: muda, kilichosemwa kwenye filamu ya asili, alichosema DJ (msimulizi), na maelezo yako. Kuandika dakika moja ya maneno yenye Sheng kunaweza kula dakika kumi, kwa hiyo tenga karibu saa mbili kwa kipande hicho. Usitegemee manukuu yanayotengenezwa na kompyuta. DJ akichanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng katika sentensi moja, mashine hushika lugha moja na kuziharibu zilizobaki, na jina jipya la mhusika, ambalo ndilo ulilokuwa unalitafuta, huwa la kwanza kupotea.

Video hizi hufutwa mara kwa mara kwa madai ya hakimiliki. Siku hiyohiyo unayoitazama andika kiungo, jina la chaneli, tarehe ilipopandishwa, tarehe uliyoitazama na idadi ya watazamaji, kisha piga picha ya skrini. Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za mtandao, inaweza kukuhifadhia ukurasa, lakini mara nyingi video yenyewe haichezi. Asiyeandika tarehe hana data, ana kumbukumbu tu.

Google Trends, huduma inayoonyesha neno linavyotafutwa Google, huwapotosha wengi. Namba zake za 0 hadi 100 si idadi ya watu waliotafuta. 100 ni kilele cha neno hilo katika kipindi na eneo ulilochagua, na nyingine zote hupimwa kwa kilele hicho. Neno la Kiswahili lenye watafutaji wachache huonyesha sifuri hata kama watu wanalitafuta, kwa hiyo usiandike kwamba "hakuna anayejali".

Kwa maandishi ya kitaaluma, anza na AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, machapisho ya CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi ya jamii Afrika lililoko Dakar, na SciELO, maktaba ya mtandaoni ya majarida, kwa Amerika ya Kusini. Tafuta kwa Kifaransa kama swali lako linagusa Kinshasa, na kwa Kireno kama linagusa Brazili. Ukitafuta kwa Kiingereza peke yake utarudishiwa habari za uchaguzi, uzushi na miradi ya maendeleo, kana kwamba watu huku hawachekeshani.

Ifahamu pia historia, maana ubishi huu wa nchi chache kuwasemea wengine si wa jana. Ripoti ya tume ya Seán MacBride, iliyotolewa na UNESCO mwaka 1980, ilihoji kwa nini habari zinatiririka kutoka nchi chache kwenda kwa wengine wote. Marekani ilijitoa UNESCO mwishoni mwa 1984, Uingereza mwaka uliofuata, na ubishi huo ulikuwa miongoni mwa sababu.

Kuhusu magrupu ya WhatsApp: kuwa mwanachama si ruhusa ya kunukuu. Omba ruhusa kwa admini na kwa mwenye maneno, ondoa majina na namba. Hata maoni yaliyo wazi kwa umma usiyanakili neno kwa neno bila kufikiri. Mtu akiyabandika kwenye kisanduku cha kutafutia anaweza kumpata aliyeyaandika. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ya 2022.

Mwisho ni saa, ambayo huwakosesha wageni kipindi cha kwanza cha moja kwa moja. Ratiba ikisema 18:00 UTC (saa ya kimataifa), kwa Dar es Salaam na Nairobi ni saa tatu usiku. Kozi ikiendeshwa kwa saa za London au Berlin, angalia upya mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba: wao hubadili saa, sisi hatubadili.