Barua kwa mwanangu: msichana aliyefuta jina

Mwanangu,

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza yote, baba yako akiwa pembeni anajifanya anasoma gazeti. Unauliza kwa nini wazo la filamu yako ya mapenzi ya kuchekesha halisimami. Kijana tajiri wa Masaki na binti wa Same anayesoma kwa mkopo wanagongana kwenye korido pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vitabu vinaanguka, wanatazamana. Kisha kijana anaanza kumwandikia vijembe kwenye kundi la WhatsApp la darasa kwa namba isiyojulikana, mpaka binti anampenda.

Nianze na vitabu. Nani siku hizi anatembea na rundo la vitabu chuoni? Notsi zote ziko kwenye simu. Kinachoanguka ni simu, na kioo kikishapasuka hakuna macho ya mapenzi hapo, kuna ugomvi wa nani atalipa.

Tajiri na maskini si wazo bado. Hao wawili wakikosana leo, kesho kila mtu anakwenda zake na filamu imekwisha kabla bisi hazijapoa. Tafuta kitu kinachowalazimisha kuonana kila siku hata wakiwa hawataki, na kitu hicho kitoke palepale chuoni, kiasi kwamba ukiihamishia hadithi benki au hospitali inakufa.

Na chuoni kumejaa vitu hivyo. Chukua kubebana. Hata baada ya hosteli za Magufuli kufunguliwa mwaka 2017, zenye nafasi ya wanafunzi 3,840, bado wapo wasiopata chumba, na anayekosa hubebwa na aliyepata: kitanda kimoja, watu wawili, mzungu wa nne, miguu ya mwenzio puani. Anayebebwa haishi kwa haki, anaishi kwa hisani. Anafua nguo za mwenyeji, anacheka utani wake usiochekesha, na bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likichelewa ndiye wa kwanza kuambiwa kwamba chumba ni kidogo.

Chukua pia asaimenti ya kikundi. Wapo saba, wanafanya wawili, yanaandikwa majina saba. Na alama za muhula ni 40 kabla ya mtihani wa 60, kwa hiyo jina kwenye ukurasa wa juu si mapambo.

Sasa viunganishe. Binti amechoka na mvulana asiyewahi kutokea kwenye kikao hata kimoja. Usiku wa kukusanya kazi, pale stesheneri, foleni ndefu na printa imekwama, anafuta jina lake. Asubuhi anajua kwamba dada wa yule mvulana ndiye anayembeba.

Hilo ndilo wazo, na limeingia kwenye sentensi moja: msichana amemfuta mvulana kwenye kazi ya kikundi, na kitanda anacholalia ni cha dada wa mvulana huyo. Mvulana anamhitaji aende kwa mhadhiri kusema jina lilisahaulika. Binti anamhitaji mvulana afunge mdomo kwa dada yake. Wanakubaliana kudanganya, na mhadhiri, ambaye si mjinga, anasema vizuri, basi kijana huyu ndiye atakayeiwasilisha kazi mbele ya darasa wiki ijayo. Sasa binti lazima amfundishe kazi nzima kila jioni, na dada mtu anaanza kujiuliza mgeni wake anakwenda wapi jioni zote hizo. Mapenzi yaache yaingie polepole, kwa mlango wa nyuma.

Ningemtoa Masaki kijana huyo nikamfanya Mchaga wa Marangu, binti abaki Mpare wa Same. Hapo unapata utani bure, maana Wapare na Wachaga ni watani, kama mimi na baba yako. Siku baba yako alipokuja kuposa, mjomba wangu alidondosha sarafu sakafuni makusudi aone kama mkwe atageuka. Aligeuka. Na shangazi yake akajibu kwamba yeye hana neno, ila mahari ihesabiwe mbele ya mashahidi, maana Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Watu wawili wenye utani wa namna hiyo wana ruhusa ya kuambiana lolote, na hapohapo ndipo shida yao inapozaliwa: siku mmoja akisema "nakupenda", mwenzake atajuaje kama si utani? Kizuizi hiki kina nguvu kuliko baba mkali mwenye gari kubwa, na hakigharimu hata mwigizaji mmoja.

Kuhusu zile jumbe za kujificha, ziondoe kabisa. Pale Mlimani kulikuwa na Mzee Punch, vibandiko vya ukutani visivyo na mwenyewe, vilivyoandama watu, hasa wasichana, na waliovibandika wakiita ni utani. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa hivyo, na Punch ikapigwa marufuku. Wanawake wa umri wangu wataitazama filamu yako wakikumbuka hayo, na kijana wako hatapendwa na mtu hata ukimpa sura ya malaika. Mtani unamwona usoni na unamrudishia. Yule wa kwenye kundi binti hana pa kumrudishia. Mpe binti yako nafasi ya kujibu katika kila onyesho, tena jibu lake liwe kali kuliko la mvulana. Baba yako anasema nimependelea kwetu. Kweli.

Faida nyingine ni ya mfuko. Chumba, stesheneri, kantini, darasa moja: sehemu nne tu, na nyingi ni za usiku wakati watu wamepungua. Usiandike mahafali yenye majoho mia mbili ambayo huna pesa ya kuyakodi.

Kitu kimoja sijakipatia jibu. Dada mtu anajua lini? Ukimfanya agundue mwishoni utapata kelele nyingi na machozi. Mimi ningemfanya ajue tangu wiki ya kwanza, anyamaze, aendelee kumtuma binti sabuni na maji huku akimchunguza kama anafaa kuwa wifi. Hebu andika onyesho lao wawili kitandani, taa imezimwa, mzungu wa nne, kila mmoja akiongea na miguu ya mwenzake, unitumie kabla ya Jumapili.

Baba yako anakusalimu. Anauliza kama Mchaga wa kwenye filamu atalipwa.

Mama yako