Kabla ya kumbadilishia mbwa nyonga, tazama sakafu yako

Tangu mbwa wangu wa aina ya German Shepherd abadilishiwe nyonga Afrika Kusini, majirani hapa Lubumbashi huniuliza kwanza habari za fedha. Mimi huwauliza habari za sakafu.

Upasuaji huo, ukifanywa na daktari aliyeuzoea, huwarudishia mbwa walio wengi mwendo usio na maumivu, na kiungo bandia huweza kudumu maisha yao yote. Hata hivyo kuna madhara: mfupa wa paja kuvunjika, neva ya mguu kuumia, kiungo kulegea baada ya miaka, na kichwa cha kiungo kuchomoka katika kikombe chake. Hilo la mwisho liko mikononi mwa mwenye mbwa pia, kwa kuwa hutokea zaidi katika majuma ya kwanza, kabla misuli inayokizunguka kiungo haijakaza. Nyumba zetu nyingi zina vigae au saruji laini, na masika yanapoleta matope mekundu ndani, hata watu huteleza; mbwa akitanuka miguu ya nyuma mara moja tu, kiungo chaweza kutoka. Tulitandika mikeka ya mpira hadi mlangoni, tukawa tunamtoa nje kwa kamba fupi huku taulo likimshikilia chini ya tumbo. Kumtuliza mbwa kulikuwa rahisi kuliko kumwelewesha mlinzi wa lupango, yaani uwanja wa nyumba yetu, kwamba mbwa huyo, mwenzake wa zamu, yuko likizo ya ugonjwa.

Maambukizi ni habari nyingine. Yakikipata kiungo bandia, mara nyingi hulazimu kitolewe, na mbwa hubaki akitembea kwa nguvu ya misuli pekee. Hali hiyo inafanana na matokeo ya upasuaji wa bei nafuu zaidi, wa kukikata kichwa cha mfupa wa paja bila kuweka kitu badala yake, ambao mbwa wadogo huustahimili vizuri kuliko wazito. Mwenye mbwa mwepesi na aulizie huo kwanza, kwa maoni yangu, kabla ya kufikiria kuvuka mpaka.

Mji wetu una kitivo cha tiba ya mifugo, na madaktari tunao. Basi kubaliana mapema na mmoja wao atakayepiga picha za eksirei za ufuatiliaji na kuzungumza na mpasuaji. Mbwa akianza kuchechemea ghafla, mfungie, mpigie daktari siku hiyohiyo, wala usimpe ibuprofeni ya watu, kwani humtia vidonda vya tumbo na kumharibu figo.