Choki ya antena: ipime kabla hujapanda nayo juu ya bati

Kila nilipobonyeza kipaza sauti cha redio yangu ya mawasiliano ili nirushe kwenye bendi ya meta 40, runinga ya sebuleni ilikoroma, na kipaza chenyewe kilinichoma midomo. Antena ni dipoli ya kawaida (waya mbili zinazolishwa katikati), meta 10 kila upande, SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena; 1 ndiyo bora) 1.3. Kumbe SWR nzuri haizuii mkondo wa redio kurudi nyumbani ukitambaa juu ya wavu wa nje wa kebo. Dawa yake ni choki: unaizungushia kebo kwenye ringi ya feraiti (kauri yenye usumaku), mkondo wa ndani unapita kama kawaida, wa nje unakwama.

Ya kwanza niliitengeneza kwa ubahili. Nilichomoa ringi ya manjano na nyeupe kwenye pawa saplai ya kompyuta iliyokufa, nikalazimisha mizunguko minne ya kebo ya RG-58. Nikaunganisha dami lodi (rezista inayokaa mahali pa antena), SWR ikasoma 1.1, nikapanda juu ya bati kwa furaha. Runinga ikakoroma vilevile.

Ringi ile ni ya unga wa chuma, si feraiti. Kubwa zaidi, nilikuwa nimepima njia ya ndani, ambayo choki haiigusi kabisa! Kila mwisho wa kebo, unganisha waya wa kati na wavu, kisha weka choki kati ya milango miwili ya NanoVNA (kifaa kidogo cha kupimia antena na kebo) usome S21, yaani mawimbi yanavyovuka kutoka mlango mmoja hadi wa pili. Nyaya za kuunganishia ziwe fupi, sentimita chache, na choki isilale juu ya meza ya chuma. Ile ya manjano ilizuia desibeli 2. Aibu.

Ya pili ni FT240-31, yaani ringi ya feraiti ya aina ya 31, mizunguko 12. Ukinunua, soma herufi: FT ni feraiti, T peke yake ni unga wa chuma, na wauzaji huchanganya. Usiikaze kebo mno, waya wa kati usije ukahama ndani ya plastiki. Kwenye 7.1 MHz nilipata desibeli 33. Gawa kwa 20, pandisha 10 kwa kipeo hicho, toa 1, zidisha kwa 100: takriban omu 4,400 za ukinzani. Hesabu hii inakubali kwa sababu aina ya 31 kwenye bendi hii hufanya kazi karibu kama rezista.

Niliifunga pale kebo inapokutana na dipoli, nikarusha FT8 (mawasiliano ya kidijitali) nusu saa kwa wati 50, nikazima redio, nikapanda kuigusa: vuguvugu tu. Zamani nikiishika kebo mkononi sindano ya SWR ilicheza. Sasa imetulia.