Askofu Fulton Sheen na ubao wake

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna mhubiri wa televisheni aliyevuma bila kugeuza Injili kuwa biashara. Mimi namtaja Fulton Sheen, askofu Mkatoliki wa Marekani, aliyezaliwa Illinois mwaka 1895. Tangu 1930 alisikika redioni, na mwaka 1952 akaanza kipindi chake cha televisheni.

Mtazame kwenye zile picha za zamani zisizo na rangi: msalaba kifuani, joho mabegani, chaki mkononi. Hasomi karatasi yoyote! Juu ya ubao anaandika JMJ, yaani Yesu, Maria na Yosefu. Ubao ukijaa anasogea, na mfanyakazi wa studio anaufuta bila kuonekana kwenye kamera. Sheen alimwita malaika wake. Alipopewa Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, aliwashukuru waandishi wake: Mathayo, Marko, Luka na Yohane.

Kuhusu pesa: tangu 1950 hadi 1966 aliongoza nchini mwake shirika la Kanisa linalochangia misheni duniani, Afrika ikiwemo, na malipo ya kipindi aliyapeleka huko. Hilo ndilo linalonigusa zaidi. Alifariki Desemba 1979.

Video zake zipo YouTube. Angalia anavyonyamaza kwanza kabla ya kusema neno zito.