Pua Iliyobana Mno Baada ya Upasuaji wa Pili

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 34. Nilifanyiwa upasuaji wa kurekebisha umbo la pua nje ya nchi, na kwa kuwa ncha ilibaki nene, nikafanyiwa wa pili miezi saba iliyopita. Sasa sehemu ya katikati ya pua imekuwa nyembamba mno, kana kwamba imefinywa, na usiku hulazimika kupumulia mdomo. Je, pua yaweza kupanuliwa tena, au nijaribu sindano za kujaza? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Dada yangu, inawezekana, lakini nitaanza na pumzi kabla ya sura, kwa sababu mara nyingi matatizo hayo mawili huwa na chanzo kimoja. Katikati ya pua, gegedu mbili za pembeni (gegedu ni tishu imara inayonyumbulika, kama ya sikio) hukutana na ukuta wa kati na kuacha pembe ndogo, ya nyuzi 10 hadi 15 hivi, ambamo hewa hupita. Mwamba wa pua ukichongwa na gegedu hizo zikaachwa bila tegemeo, huangukia ndani. Kwa nje pua huonekana nyembamba, na kwa ndani njia ya hewa hubana.

Weka kidole shavuni kando ya pua, ulivute shavu taratibu kuelekea sikioni, kisha uvute pumzi. Hewa ikipita kwa urahisi zaidi, hiyo ni dalili ya mbano huo, ingawa kipimo hiki peke yake hakitoshi, maana hata pua isiyo na kasoro huweza kuitikia hivyo.

Tiba ya kudumu ni kuongeza kilichopunguzwa. Kwa njia iliyoelezwa na daktari wa Marekani, Jack Sheen, katika miaka ya 1980, vipande vyembamba vya gegedu hupachikwa kati ya ukuta wa kati na gegedu za pembeni, vikae kama kabari. Ugumu kwako ni mahali pa kuipata gegedu hiyo. Ile ya ukuta wa kati, ambayo huchukuliwa kwanza, huenda imekwisha tumika. Ya sikio ni laini na imejikunja. Ya ubavu ni nyingi na imara, lakini huacha kovu kifuani na yaweza kupinda baadaye. Hata hivyo, kwa mtu aliyepasuliwa mara mbili na anayekosa pumzi, mimi huegemea ubavu.

Miezi saba bado ni mapema. Wapasuaji wengi husubiri angalau miezi 12, kwa kuwa uvimbe wa upasuaji wa marudio hukawia kuisha. Na nisikufiche, ukiisha, pua huenda ikaonekana nyembamba zaidi ya sasa.

Sindano za kujaza ziache. Si tiba ya njia ya hewa iliyobana, na katika pua yenye makovu mpangilio wa mishipa ya damu huwa umebadilika; dawa ikiingia ndani ya mshipa, ngozi huweza kufa, hata jicho likapofuka.

Mwone bingwa wa masikio, pua na koo, au wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, mwenye uzoefu wa upasuaji wa marudio. Umpelekee ripoti za mara zote mbili, ajue ni gegedu ipi iliyochukuliwa na ipi iliyobaki.